Fedha 'zitarudishwa': Na nani, na lini?

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akiwa na simu mkononi na simanzi usoni. Alikuwa amenunua kipakatalishi cha mtumba katika duka la mtandaoni kwa Sh18,500, fedha alizozidunduliza kwa mihula miwili. Wiki sita zilikuwa zimepita. Mashine haikufika, wala fedha hazikurudi. Alinionyesha majibu matatu ya muuzaji: "Mzigo umetumwa", "Suala lako linashughulikiwa" na "Utarudishiwa fedha zako".

Kisa hiki si kigeni kwa wasomaji wengi. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, kulipa kumekuwa jambo la dakika moja, ilhali kurudishiwa kungali safari ndefu. Upo utaratibu wa kumsaidia aliyekosea namba akamtumia fedha mtu asiyemkusudia. Lakini kijana huyu hakukosea namba. Alimlipa yule yule aliyemkusudia. Alichokosa ni bidhaa.

Yamkini wapo watakaosema kwamba tatizo ni uhaba wa sheria. La hasha! Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji na kufidiwa anapopata hasara. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 ina sehemu mahsusi kuhusu mikataba ya mtandaoni. Inamtaka muuzaji atoe habari muhimu kabla ya mkataba, ampe mnunuzi nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa, kisha amkabidhi nakala ya mkataba. Fauka ya hayo, tuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, hutakiwa kuamua kesi katika siku 60, na mlalamishi anaweza kujitetea bila wakili.

Sheria basi ipo. Kwa maoni yangu, haki ya mnunuzi hupotelea kwingine: katika lugha. Hebu tuyachambue majibu yale matatu jinsi tunavyochambua sentensi darasani. "Mzigo umetumwa" iko katika kauli ya kutendwa. Nani aliyeutuma? Mtenda hayumo. "Linashughulikiwa" ina kiambishi -na-, kinachoonyesha tendo linaloendelea, na tendo linaloendelea laweza kuendelea hadi kiama. "Utarudishiwa" ina -ta- ya wakati ujao isiyofungamana na tarehe yoyote. Sentensi zote tatu ni sanifu, na kila moja inamwacha mdai bila mtu wa kumdai na bila siku ya kumdai.

Isitoshe, masharti ya ununuzi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, herufi zikiwa ndogo kama mbegu za mchicha. Matangazo ya kumshawishi mnunuzi huja kwa Kiswahili kitamu, hata kwa Sheng'. Duka humwita mteja kwa lugha anayoielewa, kisha humfukuza kwa lugha asiyoielewa. Hali hii hutokea katika nchi ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba yake kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi!

Nilimshauri kijana aandike barua fupi yenye vitenzi vya kutenda: "Nilikulipa Sh18,500 tarehe fulani. Hukuniletea kipakatalishi. Nirudishie fedha hizo kabla ya tarehe fulani, la sivyo nitakushtaki katika Mahakama ya Madai Madogo." Aambatanishe ujumbe wa malipo, tangazo la bidhaa na mazungumzo yote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya nane baada ya kuituma, alirudishiwa Sh15,000. Zilizosalia angali anazidai.

Sidai kwamba sarufi itamtisha mwizi. Muuzaji asiye na jina wala anwani, mwenye namba ya simu tu, hata mahakama itatatizika kumpata. Mtu wa aina hiyo asilipwe kabla bidhaa haijafika. Wala si kila anayechelewesha mzigo ni laghai, kwani wako wafanyabiashara wadogo waaminifu wanaoangushwa na wasafirishaji. Lakini mwaminifu hataona taabu kutaja jina lake na siku ya kulipa. Atakayekwepa kufanya hivyo atakuwa amejitambulisha mwenyewe.

Kwa hivyo, serikali iyalazimishe maduka ya mtandaoni kuandika kwa Kiswahili chepesi, mahali panapoonekana kabla ya malipo, mambo matatu: bidhaa itafika lini, isipofika nani atarudisha fedha, na baada ya siku ngapi. Nasi walimu tuna wajibu wetu. Tumewafunza wanafunzi kuandika barua za kuomba kazi miaka nenda miaka rudi. Tuwafunze pia kuandika barua za kudai haki. Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni lisilotajiwa mdaiwa wala tarehe halina wa kulilipa.