Kabla Ununue Kamera ya Majini, Jifunze Kupumua

Wasee, hebu tuongee ukweli. Kila Disemba nusu ya Ngoingwa inashuka Mombasa na SGR, halafu simu inajaa vidio za watu wamevaa tangi chini ya maji Diani na Watamu. Ni poa. Lakini angalia vizuri: miguu inapiga kama ya mtu anaendesha baiskeli, mikono inapepea, mapovu hayaishi. Kwa maoni yangu, huko si kuzamia. Ni kuhangaika na tangi mgongoni.

Kuzamia ni kupumua. Ukivuta hewa, kifua kinapanuka, unachukua nafasi kubwa zaidi majini, unapanda. Ukiitoa, unashuka. Mzamiaji mzuri anaigusa jaketi ya hewa mara chache tu. Mambo madogo madogo anayamaliza na mapafu. Shida ni kwamba mwili haujibu papo hapo, unachukua sekunde kadhaa. Mwenye haraka anaona hapandi, anajaza jaketi, ghafla anarushwa juu. Na wengi pia hubebeshwa vyuma vya uzito kupita kiasi.

Kuna sheria moja haina mjadala: usibane pumzi. Mita 10 chini, presha ni mara mbili ya ile ya juu. Ukipanda umefunga hewa kifuani, hewa hiyo hiyo inataka nafasi mara mbili. Mapafu si baluni, yanaweza kupasuka.

Na si wewe tu unaumia. Watamu imekuwa hifadhi ya bahari tangu 1968. Matumbawe ni wanyama hai, na mengine hukua chini ya sentimita mbili kwa mwaka. Teke moja la mtu asiyejua kuelea linavunja kazi ya miaka mingi, ati juu ya klipu ya sekunde 15.

Najua mtu atasema, "Sisi ni watu wa bara, bahari ni ya nini?" Sawa, lakini maji tunayo. Tuna Chania, tuna mto Thika, tuna mashimo ya kuchimba mawe yanayojaa mvua ikinyesha. Kila mara tunasikia kijana amezama. Na maji baridi ya mto hayakubebi kama ya chumvi. Ukiteleza ukaingia, kinachokusaidia kwanza si mtindo wa kuogelea. Ni kulala chali, kujaza kifua hewa, kupumua polepole na kuita msaada. Ukipaparika, unachoka, unameza maji.

Ndiyo maana naona tunafundishwa kuogelea kinyume. Mtoto anaanza na mbio kabla ajue kutulia. Shule zenye bwawa zianze na kuelea, na zifungulie watoto wa mtaa hata Jumamosi moja kwa mwezi, mwalimu akiwa hapo.

Haya, komenti iko wazi: unaweza kuelea dakika moja bila kupiga teke? Kama hujui, jaribu kwa bwawa, na mtu anakuangalia. Si kwa shimo la mawe, tafadhali.