Anayekwenda Geneva kwa jina la Masisi alete majibu, si picha tu

Geneva ni mji wa ziwa kama Goma. Huko hakuna makala wala chukudu, lakini kuna mashua, upepo wa jioni na watu wanaotembea kandokando ya maji. Ni mji ambao jina lake linatajwa sana katika kambi za wakimbizi wa ndani, hata na wazee ambao hawajawahi kufika Kisangani. Kila mara inasikika kwamba fulani amekwenda Geneva kusema juu ya mateso ya watu wa Masisi na Walikale. Akirudi, zinaonekana picha. Habari za kilichojibiwa huko ni chache.

Si dhambi kupiga picha. Mgeni katika mji mzuri ana haki ya kuangalia. Lakini anayesafiri kwa jina la watu waliolala chini ya turubai anapaswa kuangalia kwa macho ya hao waliomtuma.

Aanze na ziwa. Hapo kuna mrija mkubwa wa maji unaoruka juu mita 140, na ndiyo alama ya mji. Mwaka 1886 ulikuwa njia tu ya kupunguza nguvu ya maji kwenye mitambo; mwaka 1891 ukahamishiwa mahali pa kuonekana, kwa ajili ya uzuri. Unarusha lita karibu 500 kila sekunde. Mama wa Masisi aliyekimbilia Goma atafanya hesabu hiyo haraka: ni bidoni 25 za lita 20, kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Yeye alipanga foleni tangu alfajiri kwa bidoni moja, au alichota ziwani akijua kipindupindu kiko humo. Watu wa Geneva hawana kosa kwa hilo, na maji yao yanarudi ziwani. Lakini mjumbe akisimama pale, akumbuke kwamba Ziwa Kivu ni kubwa kuliko ziwa lile zaidi ya mara nne, na kiu ya wanaoishi kando yake haitokani na ukosefu wa maji.

Kisha apande tramu namba 15 mpaka kwenye uwanja wa Nations. Mbele ya jumba la Umoja wa Mataifa kuna kiti cha mbao chenye urefu wa mita 12, mguu wake mmoja umevunjika. Kilibuniwa na Daniel Berset na kuwekwa hapo mwaka 1997, kukumbusha watu waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini. Watalii wengi husimama chini yake wakicheka mbele ya kamera. Mkulima wa karibu na Sake hawezi kucheka hapo. Anajua maana ya kurudi shambani ambako mabomu yamelala bila kulipuka, na mtoto kuokota chuma akidhani ni cha kuchezea.

Si mbali na hapo kuna makumbusho ya Msalaba Mwekundu, yaliyofunguliwa mwaka 1988. Ndani yake zimehifadhiwa mamilioni ya kadi za wafungwa wa Vita Kuu ya kwanza. Kila kadi ni mtu aliyekuwa anatafutwa na ndugu zake. Mzazi aliyepotezana na mtoto wake kwenye njia ya kutoka Kitchanga au Nyabiondo ataelewa kadi moja kuliko hotuba kumi. Mjumbe asitoke humo bila kuuliza: watoto waliopotea wa Masisi wanaandikwa wapi, na mzazi asiye na simu atapata habari kwa njia gani?

Halafu kuna ukumbi wenyewe. Tarehe 7 Februari 2025, siku chache baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, Baraza la Haki za Binadamu lilikutana hapo katika kikao maalum juu ya mashariki ya Congo, likaamua uchunguzi ufanyike. Lilikuwa jambo jema. Lakini mwezi huohuo, kambi za kandokando ya Goma kama Bulengo na Lushagala zilikuwa zinabomolewa, na familia zikiambiwa zirudi makwao. Wengine walikuta nyumba imeungua. Wengine hawakujua nani anashika kijiji chao. Na mwezi wa Machi vita vikafika hata Walikale-centre.

Hapa ndipo penye kazi. Ni Geneva ambako mwaka 1998 zilipokelewa kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani. Kanuni hizo zinasema mtu arudi kwake kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Hayo maneno matatu yana uzito kuliko mnara wowote wa mji ule. Mtu aliyepewa saa 72 kufunga mizigo hakurudi kwa hiari. Mjumbe akipewa nafasi ya kusema, mara nyingi hazizidi dakika mbili. Akizitumia kusalimu wakubwa na kueleza historia ya vita tangu mwanzo, zimekwisha. Azitumie kutaja vijiji kwa majina na kuuliza juu ya maneno hayo matatu.

Wengine watasema safari hizi ni bure, kwamba Geneva huandika karatasi na bunduki hazisomi. Wana sababu ya kuchoka. Lakini karatasi isiyoandikwa haitamsaidia mtu siku ya hukumu mahakamani, na kijiji kisichotajwa huhesabiwa kama hakikuwepo.

Kwa hiyo yatakiwa mambo mawili, na hayahitaji pesa. Kabla ya kupanda ndege, mjumbe akae na kamati ya wakimbizi, wanawake wakiwemo, wamwambie la kusema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na akirudi, kabla ya kuonyesha picha, apite kwenye redio ya jamii, aeleze kwa Kiswahili: niliuliza hili, nilijibiwa hili, hili halikujibiwa. Hata jibu la hapana ni jibu. Waliomtuma wamezoea kubeba mizito kuliko hiyo; wasichozoea ni kusahauliwa na yule aliyekwenda kwa jina lao.