Umeacha Kubeti, Sawa. Pesa ya Watu Umerudisha?

Wasee, leo mtanichukia kidogo, na wengine wenu tunaabudu pamoja. Poleni mapema.

Kila wikendi hapa Eastlands, kuanzia Shauri Moyo mpaka Jericho, kuna kijana anapewa maikrofoni aseme ameacha. Ameacha kubeti, ameacha jaba, ameacha keg. Watu wanapiga makofi, mtu mmoja yuko pembeni anarekodi na simu. Mimi mwenyewe nimesimama hapo. Ile video yangu ya ushuhuda ndiyo imeniletea wafuasi wengi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuposti. Na ilikuwa nusu ya ukweli.

Nusu nyingine ndiyo hii. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, anti yangu alinitumia shilingi 31,000 za karo. Anti huuza matumbo Soko la Burma. Yaani hiyo pesa ilitoka kwa ndoo za maji baridi saa kumi na moja alfajiri, kilo kwa kilo. Iliisha usiku mmoja kwa kile kindege kinachopaa kwa simu na kupotea kabla hujabonyeza. Nikamwambia mfumo wa chuo haujasoma malipo. Semista ikapita, nyingine ikapita, nikatoka shule nikasema nafuata kontenti. Kwa hivyo ile stori ya kufuata ndoto mnayoipenda hapa, ilianzia hapo.

Anti aliona video. Hakunipigia kelele. Alituma ujumbe wa sauti, sekunde chache tu: “Nimeona umeokoka, mwanangu, Mungu asifiwe. Na pesa yangu, yenyewe itaokoka lini?”

Nilikasirika kwa siku mbili nzima. Nikasema huyu hana roho ya msamaha. Halafu nikafungua Biblia nikitafuta aya ya kumjibu, na nikakosa. Nikakuta Waefeso 4:28. Mimi si mwanatheolojia, hata digrii yenyewe sikumaliza, lakini pale Paulo hamwachi mwizi kwa kumwambia aache kuiba. Anamtafutia mikono kazi. Halafu anasukuma mbele zaidi: afanye kazi ili apate cha kumpa mwenye shida. Yaani yule aliyekuwa akichukua sasa ndiye anatoa. Na Zakayo je? Alisimama mwenyewe akasema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakuishia kusema ushuru nimeacha, nawapenda wote, mbarikiwe.

Sasa sisi tumechukua neno “acha” tukalifanya injili nzima. Yesu alisimulia habari ya pepo aliyetoka, akarudi akakuta nyumba imefagiwa, iko tupu, akaenda akaleta wenzake saba wabaya zaidi. Tunafagia vizuri sana sisi. Hata serikali hufagia: Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo ya kubeti kwa siku 30. Mtaani kwetu wasee walibeti tu, kwa sababu simu ilikuwa ileile, usiku ni uleule, na hakuna aliyewapa kitu kingine cha kufanya saa nane ya usiku.

Na hapa ndipo mtanikasirikia. Kuna makanisa yamejaza hiyo nyumba, lakini yamejaza na kamari ileile. Kijana ameacha kubeti Ijumaa, Jumapili anaambiwa tuma mbegu ya 500 kwa namba hii, ndani ya siku saba utaona 50,000. Buda, hiyo ni odi ya mia kwa moja! Tofauti ni kwamba kampuni ya kubeti ukishinda inakutumia kitu. Huyo kijana hajafundishwa uvumilivu wala ukarimu. Amebadilishiwa tu mahali pa kutuma pesa, na ile tabia ya kutaka kuvuna bila kulima inaitwa imani.

Waulize nyanya zenu kuhusu Uamsho, ule wa Gahini kule Rwanda uliofika Kabete mwaka 1937. Watu wa Uamsho walikuwa na mambo yao, na walijua kuchunguza maisha ya wengine kupita kiasi. Lakini mtu akiokoka alirudisha. Alibeba kitu alichoiba mpaka kwa mwenyewe, akakiri mbele yake, hata kama ni aibu. Siku hizi tunakiri mbele ya watu ambao hatukuwakosea, kwa sababu hao hawatudai.

Kuna mtu ataandika hapo chini kwamba neema ni ya bure. Ni kweli, ni ya bure. Matumbo ya anti hayakuwa ya bure. Mungu kunisamehe hakujaza ile ndoo.

Basi nilienda Burma. Sikuenda kwa unyenyekevu, niwaambie ukweli, nilienda kwa sababu ujumbe ule ulikuwa unanisumbua. Anti alinipa aproni na kisu, akanionyesha mahali pa kuoshea. Mshahara wangu wa siku anakata 200 ya deni, anaandika kwa daftari. Kile kitu kilichokuwa kinanishinda saa nane usiku kimepungua, kwa sababu saa tisa unusu lazima niamke, na vidole vikiwa na mafuta ya matumbo haviwezi kubonyeza simu. Bado hamu huja. Wiki iliyopita ilikuja nikiwa kwa stejini ya City Stadium na 700 mfukoni, nikapanda mat haraka.

Kitu kilichonibadilisha zaidi ni kidogo sana. Mizani ikishasoma kilo, anti huongeza kipande. Kila mteja, hata yule anayepigania bei. Mwanzoni niliona ni hasara, mkono wangu ulikuwa mzito. Sasa mkono unaenda wenyewe.

Najua si kila mtu ana anti Burma. Kazi ni ngumu kupata, na yeyote anayewaambia vijana wa Makongeni watafute tu, akae kimya. Ndiyo maana lawama yangu haiko kwa kijana peke yake. Kanisa lililompa maikrofoni Jumapili lina ukumbi uliofungwa Jumatatu hadi Ijumaa, na waumini wenye vibanda, gereji na mikokoteni. Mchungaji, kabla ya kumrekodi, muulize anadaiwa na nani, kisha utangaze nani hapo ndani ana kazi ya asubuhi.

Mimi nimefanya siku 73. Jana anti alifungua daftari akaandika: imebaki 16,400. Ile video ya ushuhuda nimeiondoa, msiniulize iko wapi. Nitaiweka tena deni likifika sufuri, na atakayeongea ndani yake ni yeye, akikubali. Kwa sasa anasema hana muda wa hayo, kuna matumbo hayajaoshwa.