Boriti Inapopinda

Askari mwenye kiwanja chake huko Gayaza au Wakiso hujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta. Siku zege la boriti linapomwagwa, jamaa wote hufurahi, lakini ni wachache wanaouliza ni jambo gani litakalotendeka ndani ya boriti ile itakapobebeshwa mzigo.

Mama wa nyumba na ajaribu hivi. Atwae ubao wa inchi nne kwa mbili, wenye urefu wa futi kumi, aulaze juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, kisha mtoto asimame katikati. Ubao utabonyea. Sasa ausimamishe kwa ubavu, uwe na kimo cha inchi nne, huku ukishikwa usianguke. Ubao ni ule ule, mtoto ni yule yule, lakini kupinda kwake kutakuwa robo tu ya kule kwa kwanza. Urefu nao ni adui mkubwa: nafasi kati ya nguzo mbili ikiongezwa maradufu, mzigo ule ule katikati utaipindisha boriti mara 8. Mwenye kutamani sebule pana na aikumbuke hesabu hiyo.

Boriti inapopinda, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Zege huvumilia sana kubanwa. Kuvutwa huliweza kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi tu, kisha likapasuka. Kazi hiyo huachiwa nondo, na mahali pa nondo kuu ni chini. (Kibaraza kinachotokeza nje bila nguzo ni kinyume: huko hukaa juu, na mafundi wengi hulisahau hilo.)

Kosa baya kuliko yote ni haraka. Nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28, nalo lataka kumwagiwa maji siku 7 za mwanzo. Mtu huing'oa miti ya mkalitusi iliyolitegemeza siku ya tatu, apate kuitumia chumba cha pili! Mwaka 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kando ya barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua watu. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ilipitishwa mwaka 2013, na bado wapo wanaoona kibali ni usumbufu wa matajiri.

Aliyekwisha kuhamia na atazame chini ya boriti zake. Penye ufa, aweke alama ya penseli mwisho wake, na tarehe. Ufa ukiivuka alama, watoto walale chumba kingine usiku huo huo, na mhandisi aitwe asubuhi.