Treni ya kimataifa inapita Ifakara, kitanda chetu kiko wapi?

Wadau, tukisikia "treni ya kimataifa" akili zetu hukimbilia Ulaya: London kwenda Paris, Eurostar na mbwembwe zake. Sawa, lakini Eurostar ilianza 1994. TAZARA ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Na inapita hapa hapa Ifakara!

Yaani mtu wa Katindiuka mwenye ndugu Zambia hakujengewa reli ili aunganishe mabasi Mikumi, Mbeya na Tunduma. Utaratibu wa treni hiyo ulikuwa huu: unapandia mjini kwako, unalala, na mpakani Tunduma na Nakonde maofisa uhamiaji wanakufuata ndani ya behewa. Unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja, safari inaendelea.

Sasa tuzungumze kuhusu kitanda. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita, wanaume kwao na wanawake kwao, labda mnunue chumba kizima. Treni inaanzia Dar, kwa hiyo wa Dar ndiye anayechagua kwanza. Sisi wa katikati tunagawana kilichobaki. Karani wa stesheni ya kati atamwahidije mtu kitanda kama hana uhakika Dar wameuza vipi? Mama mwenye watoto wawili aambiwe nini, asubiri treni ifike ndipo ajue kama atalala au atakaa kwenye kiti hadi Kapiri, safari ambayo hata kwenye ratiba ni kama siku mbili?

Najua kuna watakaosema: Ifakara ina abiria wangapi wa Kapiri? Na lami ya Kidatu–Ifakara si ilizinduliwa 2024? Jamani, lami ni jambo jema, lakini bonde haliishii Ifakara. Kuna Mngeta, kuna Mlimba, na masika huko tunayajua. Mchele na ndizi za bonde hili zimesafiri kwa reli hii miaka na miaka. Miaka ya 1990 TAZARA ilipotaka kupunguza huduma kwenye stesheni ndogo, wanavijiji waliandika barua za kupinga. Mwanahistoria Jamie Monson ameieleza habari hiyo kwenye kitabu chake cha 2009. Wazee wetu walijua kudai!

Halafu hesabu yenyewe ni rahisi. Kitanda anachoshukia mtu Makambako au Mbeya kinaweza kuuzwa tena kwa mwingine, mradi stesheni zote zisome orodha moja. Kikiachwa wazi, hasara ni ya reli.

Kwa nini naandika leo? Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC kuifufua na kuiendesha TAZARA kwa miaka 30, uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Sote tunajua kinachosukuma fedha hizo: shaba. Sina ugomvi na shaba, reli ilijengwa pia kwa ajili ya shaba ya Zambia. Wasiwasi wangu ni kwamba shaba haisimami Mlimba kushusha ndizi, na miaka 30 ni mingi.

Wabunge wetu wa Kilombero wadai mambo matatu mapema. Kwanza, kila treni ya kuvuka mpaka itenge vitanda vya Ifakara na Mlimba. Pili, tiketi zinunuliwe kwa simu, kama treni ya SGR ya Dar–Dodoma iliyoanza 2024. Tatu, treni ikichelewa, na TAZARA inajulikana kwa hilo, abiria atumiwe ujumbe kabla hajatoka nyumbani na mizigo yake.

Kituo tunacho, reli tunayo. Tunadai kitanda tu.

Nawasilisha.