Soma Omu Kwanza

Wako wanaoshikilia kwamba amplifaya ya gitaa la besi huchaguliwa kwa wati: yenye wati nyingi ndiyo bora. Nakataa.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kwaya yetu ilichanga fedha kwa miezi minane, ikanunua amplifaya ya wati 200. Nyuma yake iliandikwa kwamba mzigo usipungue omu 4. Tulikuwa na spika mbili za omu 8 kila moja. Zikiungwa sambamba, ukinzani wake ni omu 4, na hapo tulikuwa salama. Siku ya mahafali fundi mmoja akaongeza ya tatu, eti besi isikike hadi barabarani. Omu zikashuka hadi 2.7 hivi, umeme ukapita kiasi, na kabla ya wimbo wa tatu moshi ukatoka. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwepo nikanyamaza.

Wengine husema: basi nunua amplifaya ndogo, haitaunguza spika. Hilo nalo ni kosa. Uzi mnene wa besi hutoa mitetemo 41 hivi kwa sekunde, nao hudai nguvu ya akiba. Amplifaya ndogo ikilazimishwa hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na sauti iliyokatwa hivyo huweza kuunguza spika pia.

Ndugu msomaji, soma omu kwanza, wati baadaye. Kununua tena kilichoungua ni umaskini wa kujitakia. Kushindwa kugawa 8 kwa 3 si umaskini; ni uvivu.