MASHAURI KWA WENYE MAGARI: Tairi Kubwa na Spidomita Isiyosema Kweli

Kutoka Lodwar hata Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi, katika barabara kuu ya A1 itokayo Kitale na kuendelea mpaka Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Lami ya zamani ya njia hiyo ilikuwa imeharibika sana, hata dereva hakuwa na nafasi ya kwenda mbio. Miaka ya karibuni imetiwa lami upya, na magari hupita kwa kasi katika nchi ya mbuzi, punda na ngamia wasiojua sheria za barabarani. Lakini mtu akiiacha lami ili kwenda kwa wafugaji, hukutana na mawe makali na mchanga wa mito mikavu, ambayo watu wa kaskazini huiita laga. Kwa sababu hiyo wenye magari wengi huyaondoa matairi ya kiwandani na kutia makubwa zaidi. Jambo hilo si baya, ila lina deni lake.

Yafaa ijulikane kwamba spidomita haiioni barabara. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko tu, kisha huonyesha mwendo kwa kudhani kwamba tairi bado ni lile la kiwandani. Tairi kubwa likizunguka mara moja hupita ardhi nyingi zaidi kuliko tairi dogo. Basi gari huenda mbio kuliko inavyoonyesha sindano, na kilomita zilizoandikwa huwa chache kuliko zile zilizosafiriwa.

Kadiri ya kosa hilo hujulikana kwa namba zilizo ubavuni mwa tairi. Kwa mfano, 265/65R17 maana yake ni upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ambacho ni sehemu 65 katika 100 za upana huo, na rimu ya inchi 17. Ubavu ni milimita 172.25, ukihesabiwa juu na chini, na kujumlishwa na rimu ya milimita 431.8, kimo cha tairi zima ni milimita 776.3. Likiondolewa na kutiwa 285/70R17, kimo ni milimita 830.8. Gawanya kimo kipya kwa cha zamani, jibu ni 1.07. Maana yake, kila kilomita 100 zinazoonyeshwa ni 107 za kweli.

Mtu aweza kusema kwamba saba katika mia ni kitu kidogo. Na afikiri tena. Sheria ya Kenya huyaruhusu magari ya abiria kwenda kilomita 80 kwa saa, wala si zaidi. Sindano ikisimama kwenye 80, gari hilo linakwenda 85.6. Kidhibiti mwendo nacho, kikiwa chapata hesabu yake kutoka mizunguko ile ile, hudanganyika vivyo hivyo. Katika mji, mahali pa 50, gari huwa katika 53.5, na nguvu ambayo breki zapaswa kuimaliza huongezeka kwa karibu sehemu moja katika saba. Kwa mtoto anayevuka njia akifuata mbuzi, tofauti hiyo yaweza kuwa uhai wake.

Hasara ya pili huonekana katika daftari la safari. Chukua gari linaloenda Kakuma na kurudi Lodwar mara 10 kwa mwezi, nalo hutumia lita moja kwa kila kilomita 8 za kweli. Limesafiri kilomita 2,400 na kutumia lita 300 za dizeli. Lakini spidomita imeandika kilomita 2,243 tu, na karani akipiga hesabu aona kwamba lita 280 zingetosha. Lita 20 hazina maelezo, yaani jerikeni zima. Hapo dereva mwaminifu huitwa mwizi, na pengine hupoteza kazi, kwa sababu ya kitu kisichojua kusema uongo wala kweli. Wazee walinena, njia ya mwongo ni fupi. Na kweli, spidomita hiyo imeifupisha njia. Kadhalika, mwenye kubadilisha oili kila kilomita 5,000 atakuwa ameibadilisha baada ya 5,350.

Kabla ya kutengeneza, hapana budi kupima. Spidomita nyingi hutengenezwa zionyeshe mwendo mkubwa kidogo kuliko ule wa kweli, kwani kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hukataza zisionyeshe pungufu. Gari lililoonyesha 105 lilipokuwa likienda 100, litaonyesha 98 baada ya kutiwa matairi yale. Kwa hiyo matairi na yajazwe upepo wa kadiri yake, gari liendeshwe kwa mwendo mmoja katika lami iliyonyoka, na abiria, wala si dereva, asome mwendo wa setilaiti katika simu. Kisha zilinganishwe kilomita 20 za kweli na zile zilizoandikwa, zikiwa 18.7, kosa ni hilo la saba katika mia. Asiye na simu ya namna hiyo na atumie saa ya mkono: kwa kilomita 60 kwa saa, kilomita moja humalizika kwa sekunde 60. Ikimalizika kwa sekunde 56, gari linakwenda 64.

Marekebisho yako namna mbili. Magari ya zamani yana waya unaozungushwa na gia ndogo iliyo kwenye gia boksi. Fundi huiondoa gia hiyo na kutia nyingine yenye meno machache zaidi. Gia ya meno 30 ikibadilishwa kwa ya meno 28, waya huzunguka zaidi kwa saba katika mia, na kosa huisha. Magari mapya hupimwa upya kwa kompyuta ya gereji, au hutiwa kifaa kidogo kati ya kihisio na spidomita ili kusahihisha hesabu. Illakini mtu asikubali fundi afungue kioo na kuisogeza sindano. Sindano iliyosogezwa huongeza kiasi kile kile katika kila mwendo, hali kosa la tairi hukua kadiri mwendo unavyokua; tena kilomita za daftari hubaki vile vile.

Mpaka siku ya kufika gereji, kibandikwe mbele ya dereva kikaratasi kisemacho: 80 ni 75, 50 ni 47. Na karani naye aandike katika daftari tarehe ya kubadilishwa kwa matairi na ukubwa wake, kisha azidishe kilomita kwa 1.07 kabla ya kumwuliza mtu yeyote habari za mafuta.